Plagi ya Hatua Mbili

Pale Nyamiaga watu walimtania Domisiana kwamba ni fundi umeme anayeogopa umeme. Walimtania mbele ya uso wake, wakiwa wamekaa kwenye benchi la karakana wakisubiri taa za magari yao, naye hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Kabla hajagusa waya alivua saa, akavua rozari shingoni, akakausha mikono kwenye kitenge, akapima kwa mita, akapima tena, na mara nyingine akapima mara ya tatu kwa kuwa ile ya pili hakuiamini. Wateja wenye haraka walikuwa wakisonya. Lakini kwa miaka kumi na sita ya kufunga nyaya za malori, mabasi na pikipiki, hakuna gari lililoungua mikononi mwake, ilhali yule fundi jasiri wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akimenya waya kwa meno, alishafunga karakana baada ya kuteketeza lori la mtu pamoja na maharage yaliyokuwemo. Hao waliocheka, hilo hawakulitaja.

Woga wake haukuwa wa waya tu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama Rozina wa Kirushya, na mdogo wake Nyandwi alikuwa wa saba. Katikati yao, wawili walikuwa wamezikwa na watatu wameolewa mbali. Nyandwi alikulia mgongoni kwake. Na hata sasa, Nyandwi akiwa mwanamume wa miaka ishirini na tisa, mwenye mke na ndevu, honi ikilia ghafla barabarani Domisiana aliinua kichwa kumtafuta yeye. Kwa hiyo siku Bwana Maulidi alipoleta maguta ya umeme, na Nyandwi akawa wa kwanza kuomba usukani, dada mtu alilipima lile guta lake mara tatu.

Huyu Bwana Maulidi alikuwa mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na vitambaa kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Mpaka leo Kiswahili chake kina marashi. Alinunua maguta sita ya magurudumu matatu, ya kubebea mikungu ya ndizi na magunia ya maharage kutoka Kirushya na vijiji vya jirani mpaka sokoni Ngara mjini, akamwomba Domisiana ayatunze. Betri zilichajiwa karakanani kwake. Dereva aliporudi na betri iliyochoka alichomoa plagi, akaivuta betri kutoka chini ya kiti, akaweka nyingine, akachomeka, akaondoka.

Sasa, mtu wa Ngara na mteremko ni habari ndefu. Huku hakuna safari isiyo na mlima, na kila aliyewahi kuendesha pikipiki ya petroli alifundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa alama za barabarani: ukifika juu, zima. Unazima injini, unaserereka mpaka chini, mafuta yanabaki kwenye tangi, unawasha tena mlima mwingine unapoanza. Madereva wa Bwana Maulidi wote walitoka kwenye petroli, wakahamia kwenye umeme na desturi yao ileile. Wakifika juu walitaka kuzima. Ufunguo haukuwafaa, kwa sababu ukiurudisha nyuma unafunga na usukani. Basi wakagundua kwamba plagi ya betri iko chini ya kiti upande wa kulia, mahali ambapo mkono unafika bila kuinama. Wakawa wanaichomoa guta likiwa linakwenda.

Domisiana aliwaeleza mpaka koo likamkauka. Aliwaambia kwamba guta la umeme linaposhuka, mota ndiyo inayolishika lisikimbie, tena inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Wao walihisi guta linavutwa nyuma, wakasema, hapana fundi, hapo ndipo betri inapoliwa.

"Acha nayo ipumzike kidogo," Nyandwi alimwambia, kana kwamba anaongelea ng'ombe wa kukokota jembe. "Dada, wewe unaogopa mpaka kivuli chako."

Aliyelipa ni Renatus, mkubwa kuliko madereva wote. Jumamosi moja alikuwa anashuka na shehena ya ndizi, akanyoosha mkono chini ya kiti kama kawaida, akavuta. Ile plagi ya zamani ilikuwa na pini mbili nene zilizotoka kwa pamoja, na umeme mwingi ukikatwa ghafla haukubali kukatwa, unaruka. Cheche ya bluu yenye urefu wa kidole ilitoka kwenye pini ikamla kiganja. Renatus akapiga yowe, akaachia usukani, na guta ambalo halikuwa tena na mota ya kulishika likaenda zake. Bahati yake lilijigonga ukingoni upande wa mlima, sio ule wa korongo. Alipopona, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana na havikufunguka tena. Bwana Maulidi akampa kazi ya kuangalia betri zikichajiwa.

Domisiana alikuwa wa kwanza kumfunua kile kiganja pale karakanani, kabla hajapelekwa kutibiwa, na ile harufu haikumtoka puani. Kuanzia siku hiyo kila jioni alisimama mlangoni akihesabu maguta yanaporudi. Moja. Mawili. Likichelewa la Nyandwi, aliweka koleo chini, akatoka mpaka barabarani.

Akaamua kutengeneza plagi nyingine, na sababu haikuwa akili nyingi. Alikuwa anaogopa, basi.

Alianza na pini. Zile mbili nene aliziacha ndefu, kisha pembeni yake akaweka mbili nyembamba, fupi kuliko zile. Hizo nyembamba hazibebi mzigo. Kazi yake ni kupeleka habari kwenye kontrola, lile sanduku dogo linaloamuru mota, kwamba plagi iko mahali pake, umeme upite. Plagi ikirudi nyuma kidogo tu, pini fupi zinatoka kwanza, habari inakatika, kontrola inafunga umeme. Zile nene zinakuwa bado zimo ndani, lakini hazina kitu. Hapo unaweza kuzitoa, wala hutaona cheche.

Tatizo lilikuwa mkono wa mtu. Mtu akivuta anavuta yote kwa mkupuo. Domisiana akaona lazima mkono uzuiwe katikati. Akachonga wenzo wa chuma, madereva wakauita mkono wa plagi, wenye meno mawili. Ukiuinua unagota kwenye jino la kwanza, na hata uvute namna gani hauendi. Lazima uuachie, ubonyeze kitasa cha pembeni kwa dole gumba, ndipo uuinue mara ya pili na plagi itoke. Ukiurudisha chini kutoka jino la kwanza, pini fupi zinaingia tena na umeme unarudi. Ukiulaza kabisa, springi inaubana kwa mlio wa "klak", na mashimo yote ya barabara ya Kirushya hayawezi kuulegeza. Alilijaribu hilo kwa kufunga plagi chini ya lori la mteja lililokuwa linakwenda na kurudi Kabanga wiki nzima.

Mwili wa plagi aliuchonga kutoka kwenye ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama buchani. Springi zilitoka kwenye pikipiki mbovu. Aliharibu kumi na moja. Ya kumi na mbili aliifunga kwenye guta lililoinuliwa juu ya magogo, akamwambia Renatus akanyage mafuta, maana wenyewe waliendelea kusema mafuta hata pasipo na tone la mafuta, kisha akageuza uso pembeni, akafumba macho, akainua mkono wa plagi. Jino la kwanza: mota ikanyamaza. Akabonyeza, akainua tena. Plagi ikatoka mkononi kimya kama kifuniko cha sufuria. Domisiana alikaa juu ya tairi akalia, na Renatus akajifanya anatafuta bisibisi.

Akatengeneza za maguta yote sita, na mikono yake akaipaka rangi nyekundu, ili hata guta likiwa mbali aweze kuona kama mkono umelala au umesimama.

Sifa zilikuja haraka. Bwana Maulidi aliinua na kulaza, akainua na kulaza, mpaka ikabidi anyang'anywe. "Fundi, hiki chombo kina adabu zake," alisema. "Wallahi, hata Dar es Salaam hawana hiki." Akakitangaza Biharamulo. Wakulima wa Nyamigogo waliokuwa wanasitasita kununua maguta wakasema watanunua, mradi yafungwe plagi ya yule mama wa Ngara. Madereva wakafurahi kuliko wote. Na Domisiana, kwa mara ya kwanza tangu Renatus aungue, alilala usingizi wa kweli. Alilala hivyo wiki tatu.

Wiki ya nne, Alhamisi asubuhi, dereva mmoja aliacha guta karakanani kwa sababu ya pancha. Domisiana akaona aikague plagi wakati huohuo. Akaifungua, akaielekeza kwenye mwanga, na kitu alichokiona hakikumwingia akilini mara moja. Jino la pili lilikuwa jipya, na alama za tupa bado zilionekana. Jino la kwanza lilikuwa limelika mpaka linang'aa.

Alihesabu kichwani. Betri inabadilishwa mara mbili kwa siku, na kila mara mkono unapita kwenye meno yote mawili. Meno yalipaswa kulika sawa. Hili la kwanza lilikuwa limetumika mara mia kadhaa, peke yake.

"Renatus," aliita, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika. "Hawa watu wanauinua wapi huu mkono?"

Renatus alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Kila mteremko, fundi. Wanauweka hapo kwenye jino la kwanza, wanaserereka, wakifika chini wanaurudisha. Si ndiyo maana uliwatengenezea?"

"Na kabla ya hii plagi? Baada ya wewe kuungua?"

"Kabla ya hii nani angethubutu?" Renatus aliinua kile kiganja chake. "Miezi miwili yote hakuna aliyegusa. Walikuwa wanauona mkono wangu huu kila wakija kuchukua betri. Sasa wanasema plagi ya fundi haiunguzi mtu."

Domisiana akaiweka plagi chini. Alikuwa ameondoa cheche tu. Mteremko ulikuwa palepale, mzigo palepale, na mota ikiwa imezimwa guta halikuwa na kitu isipokuwa breki za mguu, ambazo kwa mikungu thelathini zinashika mwanzo wa mteremko na kufika katikati zimekuwa moto, hazishiki tena. Kilichowafanya wasichomoe miezi miwili kilikuwa hofu, na hofu hiyo yeye ndiye aliyeifungua kwa bisibisi yake mwenyewe, akaitupa, na watu wakampongeza.

"Nyandwi yuko wapi?"

Alijua yuko wapi. Nyandwi alikuwa amepita saa mbili asubuhi kuchukua betri, akasema anakwenda Kirushya kuleta ndizi, na kwamba akirudi atampakia mama, kwa sababu siku hiyo Mama Rozina alitakiwa kupimwa macho mjini. Wakati ule Domisiana alimwitikia bila kuinua kichwa. Sasa alipiga simu, ikajibu kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Mama hakuwa na simu.

Pembeni ya mlango ilikuwepo pikipiki ya mwalimu mmoja, imeletwa kubadilishiwa taa. Domisiana, ambaye katika maisha yake hakuwahi kugusa mali ya mteja zaidi ya pale palipoharibika, aliipanda bila kumwomba mtu ruhusa, akaiwasha, akaondoka na kitenge kikipepea. Renatus alimwita. Hakugeuka.

Njia nzima alikuwa anasali na kusahau alikofikia. Alikuwa anaona vitu ambavyo havijatokea. Alimwona mama yake amelala chini ya mikungu, akaona kanga yake, akaona kiatu kimoja. Kila guta au lori lililojitokeza mbele lilimpasua moyo, na likipita salama hakupata nafuu, kwa sababu halikuwa lile. Vumbi la kiangazi lilimjaa mdomoni. Alijisemea kwamba labda leo Nyandwi atasahau kuinua. Labda mama atamkataza. Lakini mama angekataza nini? Mama hajui hata ule mkono ni wa nini.

Mteremko mkubwa wa njia ile una kona mbili, korongo upande mmoja, na mwisho wake kuna daraja jembamba lisilo na kingo. Domisiana alivuka daraja, akaanza kupanda. Alikuwa amefika karibu na kona ya chini alipoliona guta likitokeza kwenye kona ya juu.

Kwanza aliona ndizi. Kisha akamwona mama yake, amekaa nyuma tu ya dereva, ameshikilia kamba ya mzigo kwa mikono miwili. Kisha akaona ule wekundu chini ya kiti. Ulikuwa umesimama.

Guta lilikuja bila sauti, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Lori linapokuja vibaya linalia, linapiga honi, linakwaruza gia, na mtu anajua akimbilie wapi. Hili lilikuwa linaongezeka tu ukubwa. Akasikia upepo wake na kokoto zikiruka chini ya matairi, na harufu ya breki zinazoungua ikamfikia kabla ya guta lenyewe. Domisiana alisimamisha pikipiki pembeni, akapanua mikono, akapiga kelele ambayo hakujua kama anayo kifuani.

"Rudisha! Rudisha mkono! Rudisha chini!"

Lilipita mbele yake kwa kasi hata hakuona uso wa mtu. Alijikuta ameshageuza pikipiki na yuko nyuma yao, hajui amegeuzaje, anaona mikungu ikiyumba upande wa korongo na kurudi, upande wa korongo na kurudi, na mzigo umemficha mama na umemficha Nyandwi. Daraja lilikuwa linaonekana. Alilia kwa sauti. Alimwahidi Mungu mambo mengi.

Halafu akasikia mlio. Mlio mwembamba, unaokwaruza, kama wa mbu mkubwa: mota imeshika. Guta likainama mbele, mkungu mmoja ukadondoka ukapasuka barabarani, na mwendo ukaanza kupungua, ukapungua, ukapungua, mpaka magurudumu yakasimama hatua zisizofika ishirini kabla ya daraja.

Domisiana aliiacha pikipiki ya mwalimu ianguke. Alipofika, Nyandwi alikuwa ameshashuka, ameegemea guta, uso umempauka kwa vumbi, lakini anacheka.

"Umeona, dada? Umeona chombo chako?" Sauti ilikuwa juu kuliko kawaida. "Breki za mguu zimekufa kabisa! Nikasema hapana, nikarudisha mkono, klak, mota ikashika! Ingekuwa ile ya zamani tungekuwa korongoni saa hizi!"

Domisiana alimpita. Alimpandia mama pale nyuma ya kiti, akamshika mabega, akamshika kichwa, akampapasa mikono. Mama Rozina alikuwa mzima. Vidole vyake havikutaka kuachia kamba, ikabidi Domisiana avifungue kimoja kimoja. Alipomteremsha, mama alisema neno moja, kwamba atakwenda kwa miguu. Akavuka daraja akitembea taratibu, hakumtazama mtu.

Nyuma yao Nyandwi alikuwa ameshapata mtandao. Alikuwa anampigia dereva mwenzake. "Nakwambia plagi ya dada haiui mtu! Chomoa hata ukiwa na mzigo wa tani, likikushinda unarudisha tu!" Domisiana aliyasikia hayo akiwa katikati ya daraja, akimfuata mama. Kumbe hata kuponea chupuchupu kungewapa kichwa. Wiki ijayo wangeserereka wote, na si kila mmoja angewahi.

Kesho yake asubuhi aliwaita madereva wote karakanani. Mama Rozina alikuwa amelala kwake, naye alitoka akakaa kwenye benchi na fimbo yake. Bwana Maulidi alifika kutoka Biharamulo pamoja na wakulima wawili wa Nyamigogo waliokuja kuiona plagi kwa macho yao. Walimwamkia mama, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia "Marahaba," kwa sauti ndogo.

Domisiana alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi. Alitamani kukaa kimya, aache sifa ziendelee. Lakini alisema. Alisema plagi yake ni mbaya. Alisema inamlinda mtu mkono na kumuua mwili mzima. Inatakiwa kuwe na waya kutoka kwenye breki ya kuegesha, ili mkono wa plagi usiinuke hata kidogo mpaka guta liwe limesimama na breki hiyo imevutwa. Atahitaji mwezi mzima kuzitengeneza upya. Mpaka hapo, maguta yote sita yakae.

Manung'uniko yakaanza. Mwezi mzima watakula nini? Wakulima wa Nyamigogo wakatazamana. Bwana Maulidi akavuta kofia yake nyuma, akasema kwa upole wake wa kibiashara, "Fundi, tusitishane bure. Tuwaambie tu wasichomoe njiani, yaishe."

"Wala hakuna haja ya kutuambia," Nyandwi akadakia. Alikuwa amesimama katikati ya wenzake, mikono kiunoni. "Dada yangu ana woga, mnamjua. Jana mimi nimeshuka ule mteremko wote, breki zimekufa, sikutetemeka. Nikarudisha mkono, tukasimama. Mtu akiwa na akili zake hiyo plagi haina shida. Muulizeni mama, alikuwepo."

Wote wakamgeukia mama. Mama Rozina aliikaza mikono juu ya fimbo.

"Si wewe," alisema.

Nyandwi alicheka kidogo. "Si mimi nini, mama?"

"Urifumba macho, mwanangu. Nirikuita mara tatu hukunisikia. Nikamsikia huyu anapiga kelele, mkono chini, mkono chini. Nikaona kitu chekundu pale kwenye mguu wako. Nikakisukuma kwa kisigino." Alinyamaza, akavuta pumzi. "Jana nirinyamaza ili wenzako wasikucheke. Leo unawatuma nao wakafanye."

Nyandwi alifungua mdomo kubisha, akatafuta kile anachokikumbuka, na Domisiana akaona usoni mwake jinsi alivyotafuta na kukosa. Alitafuta mkono wake ukirudisha kile chuma. Haukuwepo. Akamtazama mama yake, yule kikongwe mwenye macho yaliyoingia ukungu.

"Mama," alisema. "Ningekuua."

"Ndiyo," Mama Rozina akamjibu.

Nyandwi akakaa chini palepale kwenye oili, mbele ya wenzake, akaanza kutetemeka, kwanza mikono, kisha mabega, kisha meno, na hakuna aliyecheka. Bwana Maulidi aliondoa kofia kichwani. Domisiana akachukua spana namba kumi, akaenda kwenye guta la kwanza, akaanza kuifungua plagi.